Sumu Iliyong'olewa Meno: Kipindupindu cha Unguja na Vichocheo vya Chanjo

Mwezi wa Novemba 1869 kipindupindu kiliingia Unguja kwa mlango wa uani. Kaskazi ilipoanza kuvuma, watu wa Mji Mkongwe walizoea kuyatazama kwa hofu majahazi ya Arabuni na Bara Hindi, kwa kuwa ndiyo yaliyodhaniwa kubeba maradhi pamoja na tende na vitambaa. Safari hii ugonjwa ulitoka bara. Ulishuka na misafara kutoka nchi ya Wamasai hadi Pangani, kisha ukavuka mkondo. Baadaye Unguja yenyewe ikawa kituo cha kuusambaza: vyombo viliupeleka Kilwa na visiwa vya Ngazija, na wapagazi wakaurudisha bara kwa njia nyingine hadi ng'ambo ya Ziwa Tanganyika.

Tunaijua njia hiyo kwa sababu mjini alikuwapo mtu aliyeifuatilia. James Christie, daktari kutoka Uingereza aliyemhudumia Sultani, alikusanya habari kwa wafanyabiashara, wamisionari na wasafiri, akazilinganisha tarehe na masafa, na mwaka 1876 akachapisha kitabu mjini London kuhusu milipuko ya kipindupindu Afrika Mashariki. Aliorodhesha milipuko minne iliyoipiga pwani hii: ule wa 1821, wa 1836 hadi 1837, wa 1858 hadi 1859, na huu alioushuhudia mwenyewe. Hoja yake ilikuwa nzito kwa wakati wake: ugonjwa ulifuata njia za watu, bandari kwa bandari na msafara kwa msafara.

Mlipuko wa tatu uliingia hata kwenye majumba ya kifalme. Jilfidan, mwanamke wa Kicherkesi aliyekuwa suria wa marehemu Sayyid Said bin Sultan, alifariki kwa kipindupindu mwaka 1859. Binti yake ni Sayyida Salme, ambaye baadaye aliolewa na Mjerumani, akaitwa Emily Ruete, na mwaka 1886 akachapisha kumbukumbu za maisha yake. Katika mji ambao visima vilichimbwa kwenye mwamba wa matumbawe, jirani na mashimo ya vyoo, ukoo haukuwa kinga.

Jibu la kwanza la maana lilikuwa maji. Sayyid Barghash bin Said, aliyetawala kuanzia Oktoba 1870, alivuta maji ya chemchemi kwa mabomba kutoka kaskazini ya mji, upande wa Bububu, na katika miaka ya 1880 watu wa mjini wakawa wanakinga maji yasiyotoka katika visima vyao. Jibu la pili, yaani chanjo, lilichelewa zaidi ya miaka mia moja, na lilipokuja lilibeba ndani yake kipande cha sumu ile ile iliyomuua Jilfidan. Ili kuelewa kilichowafanya wataalamu wathubutu jambo hilo, inabidi kwanza tutoke Unguja twende kwenye mazizi ya farasi karibu na Paris.

Muhogo na shabu

Mwanzoni mwa miaka ya 1920 Gaston Ramon, daktari wa mifugo wa Taasisi ya Pasteur, alikuwa na kazi ya kutengeneza dawa ya dondakoo. Farasi walidungwa sumu ya bakteria wa ugonjwa huo ikiwa imedhoofishwa, miili yao ikatengeneza kingamwili, na damu yao ikatumika kuwatibu watoto. Ramon aliona jambo ambalo wengine waliliona kuwa kero tu. Farasi waliovimba na kutunga usaha pale walipodungwa ndio waliotoa kingamwili nyingi zaidi. Akajiuliza: je, uvimbe huo ndio unaousaidia mwili kuitambua sumu?

Alijaribu kuuleta uvimbe kwa makusudi. Aliichanganya sumu iliyodhoofishwa na vitu visivyo na uhusiano wowote na dondakoo: chembe za mkate, mwani wa agari, na tapioka, ambayo ni wanga wa muhogo. Mwaka 1925 alitangaza matokeo yake. Muhogo, chakula ambacho Unguja huliwa asubuhi na jioni, ulikuwa miongoni mwa vichocheo vya kwanza vya chanjo duniani, vitu ambavyo wataalamu huviita ajuvanti. Kichocheo peke yake hakimkingi mtu na ugonjwa wowote. Kazi yake ni kuushtua mwili uishughulikie chanjo kwa uzito unaostahili.

Mwaka uliofuata, huko London, Alexander Glenny na wenzake walipata kichocheo kilichotulia zaidi. Katika kusafisha chanjo ya dondakoo waliigandisha kwa shabu, jiwe lile lile jeupe ambalo vinyozi hulipitisha kwenye ndevu zilizonyolewa na ambalo watu hulitumia kutuliza maji yenye tope. Wanyama wa maabara waliodungwa mgando huo walipata kinga kubwa kuliko waliodungwa chanjo tupu. Kuanzia hapo chumvi za aluminiamu zikawa kichocheo cha chanjo za binadamu, na kwa takriban miaka sabini hazikupata mshindani aliyeidhinishwa. Ziko hadi leo katika chanjo ya pamoja ya magonjwa matano inayotolewa katika kliniki za Tanzania, Bara na Visiwani, na katika chanjo ya kirusi cha HPV ambayo wasichana wa Tanzania walianza kupewa kwa mpango wa taifa mwaka 2018.

Si kwamba hakuna aliyejaribu kwenda mbali zaidi. Mwaka 1937 Jules Freund alichanganya mafuta ya madini na bakteria wa kifua kikuu waliokufa. Kichocheo chake kiliamsha kinga kwa nguvu ambayo shabu haikuikaribia, na kikawa chombo cha kila siku katika maabara za wanyama. Lakini kilileta vidonda na majipu yasiyopona upesi, na kwa sababu hiyo hakikuruhusiwa kutumika katika chanjo za watu. Ramon, Glenny na Freund waliacha fumbo moja ambalo limewasumbua warithi wao tangu hapo: kila kinachouamsha mwili kinaweza pia kuuumiza, na mara nyingi uwezo wa kuamsha na uwezo wa kuumiza hukua pamoja.

Sumu yenye sehemu mbili

Kwa upande wa kipindupindu, fumbo hilo lilikuja kwa sura ya pekee. Chanjo za awali zilikuwa za sindano. Waldemar Haffkine alianza kuzitumia India mwaka 1893, na vizazi kadhaa vya wasafiri vilidungwa bakteria waliouawa ili kupata cheti cha kupita bandarini. Sindano hizo ziliuma, zilileta homa, na kinga yake ilikuwa haba na ya muda mfupi. Mwaka 1973 Shirika la Afya Duniani lilifuta sharti la cheti hicho.

Tatizo lilikuwa mahali pa mapambano. Bakteria wa kipindupindu haingii katika damu. Hukaa juu ya utando wa utumbo na kumwaga sumu. Mwaka 1959 Sambhu Nath De, mtafiti wa Kolkata, alithibitisha kwa kutumia matumbo ya sungura kwamba sumu hiyo, hata bakteria wenyewe wasipokuwapo, inatosha kuukamua mwili maji. Miaka kumi baadaye ilisafishwa kikamilifu nchini Marekani, na umbo lake likaanza kueleweka. Ina sehemu mbili. Sehemu A ndiyo yenye madhara: huingia ndani ya seli na kuilazimisha itoe chumvi na maji bila kukoma, hata mgonjwa mzito akapoteza lita nzima kwa saa. Sehemu B, pete ya vipande vitano, haiui. Kazi yake ni kunasa kwenye ukuta wa seli na kufungua njia.

Halafu, mwaka 1984, Charles Elson na William Ealding waliwalisha panya protini ambayo kwa kawaida matumbo huipuuza, wakaichanganya na sumu kamili ya kipindupindu. Panya wakajenga kinga kali dhidi ya protini hiyo, na kinga yenyewe ikakaa katika utumbo. Sumu iliyokuwa tishio la bandari za Bahari ya Hindi ikawa miongoni mwa vichocheo vyenye nguvu kuliko vyote vilivyojulikana kwa chanjo ya kunywa. Kwa binadamu haikufaa hata kidogo: kiasi kidogo sana humharisha mtu lita kwa lita. Kazi ikawa kuing'oa meno na kumwacha nyoka akiwa na uwezo wa kutisha.

Huko Gothenburg, Sweden, Jan Holmgren na Ann-Mari Svennerholm walichagua kuitupa sehemu A na kubaki na sehemu B. Chanjo yao ya kunywa ilikuwa na bakteria waliouawa pamoja na sehemu B, ili mwili ujifunze kuwakabili bakteria na kuizuia sumu kwa pamoja. Mwaka 1985 ilipelekwa Matlab, Bangladesh, katika jaribio lililoongozwa na John Clemens ambapo zaidi ya wanawake na watoto 60,000 walikunywa dozi tatu. Baadhi walipewa chanjo yenye sehemu B, wengine chanjo ya bakteria pekee, na wengine kinywaji kisicho na chanjo ya kipindupindu. Katika miezi sita ya kwanza, chanjo yenye sehemu B iliwakinga watu kwa asilimia 85, na isiyo nayo kwa asilimia 58. Tofauti hiyo haikudumu. Kadiri miaka ilivyopita chanjo hizo mbili zilikaribiana, jambo ambalo baadaye lilikuja kuwa na uzito mkubwa.

Lilibaki swali la usalama. Sehemu B ya mwanzo ilipatikana kwa kuitenganisha na sumu kamili, kazi ya gharama inayodai uangalizi mkali ili chembe ya sehemu A isibaki. Mwaka 1989 Joaquín Sánchez na Holmgren walilimaliza kwenye mzizi: walitengeneza bakteria wa kipindupindu asiye na jeni ya sehemu A, anayezalisha sehemu B peke yake kwa wingi. Sumu haikuhitaji tena kuchujwa kwa kuwa haikuwapo tangu mwanzo. Chanjo iliyotokana na kazi hiyo, Dukoral, iliidhinishwa Sweden mwaka 1991.

Thamani ya hadhari hiyo ilionekana kwa waliokwenda njia nyingine. Katika majira ya baridi ya mwaka 2000 Uswisi ilianza kutumia chanjo ya mafua ya kupuliza puani. Kichocheo chake kilikuwa sumu ya bakteria aitwaye E. coli, ndugu wa karibu wa sumu ya kipindupindu, ikiwa na sehemu zote mbili. Muda mfupi baadaye madaktari walianza kupokea watu waliopooza upande mmoja wa uso. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2004 ulionyesha kwamba chanjo hiyo ndiyo iliyoongeza hatari, na wakati huo ilikuwa imekwisha kuondolewa. Wagonjwa wengi walipona, lakini wazo la kuingiza sumu hizo puani lilipata pigo zito.

Kutoka kijiji cha wavuvi hadi Chumbuni

Unguja na Pemba vilikuwa vimepata ahueni ndefu. Kipindupindu cha zama hizi kiliripotiwa Zanzibar kwa mara ya kwanza mwaka 1978, katika kijiji cha wavuvi, watu 411 wakaugua na 51 wakafa. Tangu hapo kilirudi mara kwa mara, na kuanzia mwaka 2000 kikawa mgeni wa karibu kila mwaka, hasa baada ya mvua. Watafiti waliochambua takwimu za visiwani waligundua kwamba joto likipanda kwa nyuzi moja, wagonjwa huongezeka maradufu miezi minne baadaye.

Mji wa maradhi ulikuwa umehama. Mabomba ya Barghash yaliufikia Mji Mkongwe, lakini mji wa sasa umetanuka kupita Darajani na Ng'ambo hadi mitaa ambayo nyumba zilitangulia mabomba na mitaro. Chumbuni ni mmoja wao. Mvua ya masika ikinyesha, maji ya vyoo na maji ya visima hukutana.

Wizara ya Afya ya Zanzibar, Shirika la Afya Duniani na Taasisi ya Kimataifa ya Chanjo ya Seoul walikubaliana kulijibu swali ambalo Matlab haikulijibu: je, chanjo ya Dukoral itawakinga watu wa kawaida, katika kampeni ya kawaida, inayoendeshwa na watumishi wa afya wa kawaida? Maeneo yaliyochaguliwa yalikuwa yale yaliyoathirika zaidi, Chumbuni na jirani zake kwa Unguja, na Mwambe na jirani zake kusini mwa Pemba. Ahmed Khatib wa Wizara ya Afya aliongoza upande wa Zanzibar, na Jacqueline Deen alikuwa miongoni mwa viongozi wa watafiti wa Seoul. Katika orodha ya watafiti limo pia jina la John Clemens, yule yule wa Matlab.

Kabla ya dozi ya kwanza watu waliulizwa maoni yao. Zaidi ya asilimia 90 walisema wangeikubali chanjo kama ingetolewa bure. Kisha kila nyumba ikahesabiwa. Mwezi wa Januari na Februari 2009 watu wa umri wa miaka miwili na zaidi walialikwa kunywa dozi mbili, isipokuwa wajawazito. Namna ya kuitoa ilikuwa na usumbufu wake. Sehemu B huharibiwa na asidi ya tumbo, hivyo kila mtu mzima alichanganyiwa bikaboneti ya soda katika mililita 150 za maji safi, ndipo kichupa cha chanjo kikamiminwa ndani yake. Kuipa shehia nzima chanjo ya namna hii ni kuyabeba maji salama hadi mahali ambapo maji salama ndiyo yanayokosekana.

Kati ya watu 48,178 waliostahili, 23,921 walikunywa dozi zote mbili, karibu nusu. Baina ya kusema ndiyo mbele ya mtafiti na kwenda kituoni mara mbili palikuwa na umbali mkubwa, na kila kampeni iliyofuata Afrika imelazimika kuuzingatia.

Kipindupindu hakikungoja. Kati ya Februari 2009 na Mei 2010 mlipuko ulizuka visiwani, na kila aliyefika kituo cha matibabu akiharisha alichukuliwa choo kikapimwa. Majibu yalilinganishwa na orodha ya waliochanjwa, na matokeo yakachapishwa mwaka 2012 katika jarida la Lancet la magonjwa ya kuambukiza. Dozi mbili ziliwakinga watu kwa asilimia 79, kiwango halisi kikikadiriwa kuwa kati ya 47 na 92. Zaidi ya hapo, katika mitaa ambayo wengi walichanjwa, hata wasiochanjwa waliougua walikuwa wachache zaidi. Bakteria waliokosa matumbo ya kustawi ndani yake walipungua katika maji ya wote. Jirani aliyekunywa chanjo alimkinga jirani aliyebaki nyumbani.

Wanawake 196

Sehemu ya kazi hiyo iliyotajwa kidogo magazetini ndiyo inayogusa zaidi suala la usalama. Wajawazito walikuwa wamewekwa kando kwa hadhari. Hapakuwa na ushahidi kwamba chanjo ingewadhuru, wala kwamba isingewadhuru, na kimya cha ushahidi kilitosha kuwazuia. Lakini mimba ya wiki chache haionekani, na mwenye nayo huenda mwenyewe hajui. Wapo waliokunywa.

Ramadhan Hashim na wenzake waliwatafuta. Walipita nyumba kwa nyumba, wakawaorodhesha wanawake waliokuwa na mimba wakati wa kampeni, wakafuatilia matokeo. Kati ya wanawake 1,151 waliopatikana, 196 walikuwa wamekunywa angalau dozi moja. Walipolinganishwa na wasiokunywa, hakukuonekana tofauti ya maana katika hali ya mimba wala ya watoto waliozaliwa. Idadi ya 196 si kubwa, na watafiti hawakudai kwamba imefunga mjadala. Hata hivyo yalikuwa maarifa mapya kuhusu kundi ambalo kipindupindu hulidhuru vibaya, kwani mjamzito anayepoteza maji kwa kasi yuko katika hatari ya kumpoteza na mtoto. Utafiti wa aina hiyo, pamoja na mingine iliyofuata nchi nyingine, ndio uliowawezesha wataalamu kuwaingiza wajawazito katika kampeni badala ya kuwaacha nje kila mara.

Ni kazi ya kuchosha isiyo na sifa: daftari, sheha, mlango, swali, mlango wa pili. Lakini bila hiyo, neno salama katika kijitabu cha chanjo lingebaki dai la mtengenezaji.

Ng'ambo ya mkondo

Mwaka huo huo, tarehe 26 Mei 2009, mtoto wa kwanza wa jaribio kubwa la chanjo ya malaria alidungwa Bagamoyo, bandari inayoitazama Unguja. Hapa kichocheo ndicho kilichokuwa kila kitu. Kufikia mwaka 1997 watafiti wa Marekani walikuwa wameijaribu chanjo iitwayo RTS,S kwa watu wazima waliojitolea kuumwa na mbu wenye vimelea. Kiini cha chanjo kilikuwa kimoja, vichocheo vitatu tofauti. Waliopewa chenye shabu waliugua saba kati ya wanane. Wa mafuta matupu waliugua watano kati ya saba. Waliopewa mafuta yaliyochanganywa na vichocheo viwili zaidi, kimoja kilichotokana na ganda la bakteria lililopunguzwa makali na kingine na magome ya mti wa Chile uitwao Quillaja, waliugua mmoja tu kati ya saba.

Magome hayo hutoa povu kama sabuni, na dondoo lake ghafi hupasua chembe za damu. Ilibidi lichambuliwe tabaka kwa tabaka hadi ikapatikana sehemu inayoamsha kinga na kuvumilika, kisha ikafungwa ndani ya viputo vya mafuta na kolesteroli ili makali yake yapungue zaidi. Ni mantiki ile ile ya Gothenburg: chukua kinachoshtua, acha kinachoua.

Taasisi ya Afya ya Ifakara ilikuwa imelijaribu toleo la awali kwa watoto wachanga 340 wa Bagamoyo, kazi iliyoongozwa na Salim Abdulla na kuchapishwa mwaka 2008. Jaribio lililoanza 2009 lilienea katika vituo 11 vya nchi saba, likahusisha watoto 15,459. Kinga ilikuwa ya wastani, na hesabu zilitoa mashaka: visa vya homa ya uti wa mgongo vilikuwa vingi zaidi kwa waliochanjwa, na vifo vya watoto wa kike pia. Hakuna aliyeweza kueleza sababu, wala aliyethubutu kupuuza. Badala ya kuisambaza chanjo mara moja, kuanzia 2019 ilitolewa kwa mpango wa majaribio Malawi, Ghana na Kenya, na mamia ya maelfu ya watoto wakafuatiliwa. Mashaka hayo hayakuthibitika, na mwezi Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani liliipendekeza. Miaka miwili baadaye likaipendekeza chanjo ya pili, R21, iliyojaribiwa Bagamoyo na Kilifi pia. Kichocheo chake nacho kinatokana na mti wa Quillaja.

Baada ya sehemu B

Huku kwenye kipindupindu mambo yakageuka. Takwimu za Zanzibar zilisaidia kuishawishi dunia kwamba chanjo ya kipindupindu inafaa katika mitaa halisi, lakini chanjo iliyosambaa haikuwa ile ya Chumbuni. Mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani liliithibitisha chanjo nyepesi zaidi, isiyo na sehemu B. Hunywewa moja kwa moja kutoka kichupani, haihitaji bikaboneti wala maji, na bei yake ni ndogo sana. Hapo ndipo lile fundisho la Matlab lilipopata uzito wake: kama faida ya sehemu B hupungua baada ya miezi kadhaa, kwa nini kampeni ibebe ndoo za maji kwa ajili yake? Akiba ya dunia iliyoundwa mwaka 2013 ilijengwa juu ya chanjo hizi nyepesi. Mahitaji yalikua hadi, mnamo Oktoba 2022, waratibu wa akiba hiyo wakalazimika kupunguza dozi mbili kuwa moja.

Lakini kazi ya kuing'oa sumu meno haikufa. Huko New Orleans, John Clements na wenzake walibadilisha asidi amino mbili tu katika sumu ya E. coli ili sehemu A iendelee kuamsha kinga bila kuharisha. Kichocheo hicho, wanachokiita dmLT, kimekuwa kikijaribiwa ndani ya chanjo ya kunywa ya maradhi ya kuhara, miongoni mwa watoto wa Bangladesh na Zambia. Hupewa kwa mdomo, si puani. Uswisi haijasahauliwa.

Zanzibar nayo haijasalimika. Mlipuko ulioanza Septemba 2015 uliwapata watu zaidi ya 4,000 kabla haujatulia, na serikali ikaandika mpango wa miaka kumi wa kukitokomeza kipindupindu visiwani, wenye chanjo, maji, vyoo na mitaro ndani yake.

Ukiyapanga matukio haya kwa mpangilio, kutoka farasi wa Ramon hadi mtoto wa Bagamoyo, utaona kwamba hakuna kichocheo kilichozaliwa salama. Shabu ilipata hadhi yake kwa miongo ya kutumika na kuangaliwa. Cha Freund kilikataliwa licha ya nguvu zake. Sumu ya puani ilipita maabara ikanaswa na madaktari waliohesabu nyuso zilizopooza. Sehemu B ilipata heshima yake mitaani, ambako hata wanawake ambao hawakutakiwa kuinywa walitafutwa na kuulizwa hali zao. Vichocheo vipya vinakuja, vingine vyenye nguvu kuliko vyote vilivyotangulia, na vitakapofika Unguja mzazi atakuwa na haki ya kumwuliza mchanjaji: waliotangulia kupewa walihesabiwa wangapi, na nani aliyerudi kubisha hodi?